Mkimbiaji Aliyevua Viatu Omaha

Haya ni kweli tupu, kweli isiyochanganywa hata na maji ya kunawia. Naapa kwa meno yangu, yaliyobaki na yaliyong'oka. Anayetaka kubisha abishe sasa, kabla hatujafika mbali, maana hadithi ikishashika mteremko haina breki. Hakuna? Vema.

Alikuwepo mtu wa Muheza akiitwa Hiza Semboja, na kazi yake ilikuwa kucheza mpira Marekani. Si mpira huu wenu. Wamarekani wana wao, una ncha mbili kama papai changa, nao huuita mpira wa miguu ingawa kutwa nzima umo mikononi. Watu ishirini na wawili wenye kofia ngumu na mabega ya kubandika husimama wakitazamana kama majogoo. Filimbi ikilia wanagongana, wanaanguka, wanainuka, wanakaa kikao kama washenga, halafu wanagongana upya. Katikati ya vurugu hiyo yupo mmoja anayekabidhiwa lile papai na kuambiwa: haya bwana, pita. Njia hana. Mbele yake yamejipanga majitu mapana kama makabati ya nguo, na kazi ya kila kabati ni kumwangukia. Huyo wa kupita pasipopitika ndiye mkimbiaji, na magoti ya mkimbiaji hayadumu. Misimu mitatu, minne, kwisha. Akitimiza miaka ishirini na saba anaitwa mzee, wala hawasemi kwa utani.

Hiza alikuwa na ishirini na tisa na bado anapita.

Alichezea Mafahali wa Omaha, mji wa katikati kabisa ya Marekani, ambako baridi ikikukamata inakuuma mpaka jina. Silaha yake ilikuwa moja. Anakuja mbio, kabati linamrukia, naye ghafla anainama kana kwamba ameangusha pete. Mkono wa kushoto unapapasa ardhi, kiuno kinakwenda huku na mabega kule, kabati linapita juu na kukumbatia hewa. Akiinuka, yuko ng'ambo. Watangazaji waliuita Mwinamo. Watoto waliuiga shuleni wakagongana vichwa. Wataalamu waliuchorea mishale na duara, na Hiza akiulizwa aliupata wapi hujibu, "Mazoezini," kisha anaangalia pembeni.

Hakuupata mazoezini. Aliupata kwenye rede. Alikulia Muheza katikati ya dada wanne, na walipopungukiwa mchezaji walimburuta yeye. Rede mnaijua: wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa, na hukohuko kukwepa anajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa, ameshinda. Ni mchezo wa wasichana, na mwanamume mwenye kifua kama mlango wa msikiti atasimamaje mbele ya kamera za dunia nzima aseme, "Haya mnayoyashangilia nilifundishwa na dada zangu, gauni wamelikunja kiunoni"? Akanyamaza miaka yote. Na kunyamaza huko nusura kumponze.

*

Jumatatu ya wiki ya fainali aliitwa na mwenye timu, Bibi Thornquist. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, ambaye hata akikufukuza kazi anakupangusia kiti kwanza. Mezani pake zilikuwepo njumu alizovaa Hiza katika mechi mbili zilizopita.

"Keti, Hiza. Magoti yanasemaje?"

"Yananung'unika, lakini kazini yanakuja."

"Daktari anasema Jumapili ndiyo mwisho wako."

"Sawa. Nilikuwa najua." Akazitazama njumu. "Hizo zinaniwasha nyayoni."

"Hiyo ni soli inasoma," Bibi Thornquist alisema, kwa sauti ya mtu anayekueleza chai ina sukari.

Hapa lazima niwaeleze. Zile ziliitwa soli za Urithi, na kila mkimbiaji aliyekaribia kustaafu alivishwa, kwa mechi tatu za mwisho. Ndani yake zimo sindano nyembamba kuliko unywele wa kichanga. Hazichomi, zinasikiliza. Ubongo ukiuambia mguu "inama", soli inasikia amri, inasikia mguu ulivyoitika, inasikia hata ulivyosita. Mechi ya kwanza inajifunza. Ya pili inakariri. Ya tatu inachukua. Neno ni hilohilo, inachukua. Mkimbiaji akiutumia ujuzi wake mara hiyo ya tatu, soli inarudisha umeme juu mguuni na kufuta, kama mwalimu anavyofuta ubao. Kisha ule ujuzi unamiminwa kwenye miguu ya kijana anayefuata, naye anaamka asubuhi anajua asichojifunza.

"Kwa nini mfute?" Hiza aliuliza. "Nakilini tu, mniachie na mimi changu."

"Halafu timu nyingine ikusajili hata kwa mechi mbili?" Bibi Thornquist alitabasamu. "Kitu kikiwa kwa mmoja ni mali, Hiza. Kikiwa kwa watu wengi ni desturi tu, na desturi haiuziki. Mkataba uliusaini."

"Na nikikataa kuinama Jumapili?"

"Usiiname basi. Utapigwa mpaka usahau jina la baba yako, Mafahali watapoteza kombe, na msimu ujao Dewey Pickett ataingia pale katikati hana kinga yoyote. Mtoto wa watu." Akazisogeza njumu mpaka ukingoni mwa meza. "Isitoshe, ulipopokea wewe hatukukusikia ukilalamika."

Hapo alimshika pabaya. Maana siku alipojiunga na Mafahali alilazwa kwenye kitanda cha zahanati yao, na alipoamka alikuwa na kitu kipya miguuni: kugeuka kwa kisigino kimoja, kama pia, pasipo kupunguza mwendo. Ulikuwa mzunguko wa Marcellus Odom, aliyemtangulia. Kwa miaka saba Hiza alikuwa anageuka kwa miguu ya mtu mwingine.

Akazichukua njumu, akatoka.

*

Alipofika kwa mama yake, aliyemhamishia hukohuko Omaha, alimkuta huyohuyo Odom sebuleni, anakunywa chai ya tangawizi. Alikuwa na mazoea ya kuja. Mtu wa miaka thelathini na sita, mabega mazima, sauti nzima, ila jambo moja: hakuweza kugeuka. Soli zilipochukua mzunguko zilichukua na kila kilichofanana nao. Kitu kikiwa nyuma yake anakiendea kinyumenyume kama lori la kokoto, au anachagua njia ya mbali. Siku hiyo alipoinuka kuondoka alifika mlangoni akakumbuka kofia yake kitini. Akatoka nje. Wakamwona akipita dirishani, theluji inamwangukia, akaizunguka nyumba yote, akaingia kwa mlango wa jikoni na kuichukua kofia.

"Huyu naye kila akija lazima aizunguke nyumba yangu," Bi Mwanaidi alimwambia mwanawe. "Mimi nilidhani ndiyo adabu yao ya kuaga."

Hiza akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Akamketisha Odom tena, naye akakaa, akamweleza mama yake yote: soli, mechi ya tatu, Mwinamo, na ule mzunguko uliokuwa miguuni mwake. Bi Mwanaidi akazima jiko.

"Yaani wewe unatembea umevaa kugeuka kwa mwenzio?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mama. Sikuuliza."

"Na wewe mzee Odom, unakaa hapa unakunywa chai na mtu aliyekuvaa?"

"Mama, chai haina kosa," Odom alisema. Aliitwa mzee na yule mama aliyemzidi miaka thelathini, na alikwisha kuzoea. "Nilikuja mara ya kwanza nimpige. Ukanipa vitumbua. Sasa nafanyaje?" Akaigeuzageuza kofia mikononi, hicho ndicho kitu pekee alichoweza kukigeuza. "Mzunguko siutaki tena, umekwisha kumzoea yeye. Ninachotaka ni mtu mmoja aseme basi. Mimi sikusema. Nilishangiliwa sana siku ile, nikaona haya kusema."

Bi Mwanaidi alimgeukia mwanawe. "Na hiyo Jumapili wanachukua kuinama."

"Ndiyo."

"Kuinama kote?"

"Ndiyo, mama."

"Utarukuu na nini?"

Swali hilo Hiza hakulitegemea. Alikuwa amelifikiria goti, amelifikiria kombe, amefikiria watu watasema nini. Hakuwa amefikiria kwamba Jumatatu alfajiri angetandika mswala, asimame, asome, afike pale pa kuinama mbele ya Mola wake, na abaki amesimama wima kama mlingoti.

Wakati huo mlango ukagongwa. Alikuwa Dewey Pickett mwenyewe, kijana mrefu kama nguzo ya umeme, kofia mkononi, theluji kwenye kope.

"Kaka Hiza, nasikia unataka kugoma."

"Kakwambia nani?"

"Bibi Thornquist. Kanipigia simu, kaniambia nije tuzungumze wenyewe kwa wenyewe."

"Kajua wa kumtuma," Odom alisema.

Pickett hakuketi. "Kaka yangu alikuwa mkimbiaji. Timu yao ndogo, hizo soli haikuwa nazo, hakurithishwa chochote. Msimu wa kwanza tu walimvunja shingo. Mpaka leo namlisha kwa kijiko." Akakung'uta theluji kofiani. "Wewe Jumatatu unastaafu. Mwinamo utaufanyia nini, utaupanda bustanini? Mimi utaniokoa. Unaninyima kitu ambacho wewe hukihitaji tena. Niambie kwa nini, kaka. Niambie nikiwa nimekutazama hivi."

Hapo ndipo penye fundo. Akitoa, anajitoa mwenyewe: kurukuu kwake, kumwinamia mama akimvisha viatu vya baridi, kila kitu kilichoanzia kwenye ule mchanga wa Muheza. Asipotoa, huenda siku moja mtu akaja kumwambia Dewey Pickett naye analishwa kwa kijiko. Na mtu aliyepokea cha Odom bila kuuliza, ana uso gani wa kusema hapana?

"Umekula?" Bi Mwanaidi alimwuliza kijana.

"Bado, mama."

"Kula. Halafu twende nje."

*

Nyuma ya jengo palikuwa na uwanja wa kuegeshea magari, theluji mpaka vifundoni. Bi Mwanaidi alimwita shoga yake wa ghorofa ya tatu, Mama Sefu wa Pangani, mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye mkono mkali kama manati. Wakafunga soksi nne zikawa mpira. Wakajifunga kanga juu ya makoti. Mchanga haukuwepo, ila theluji nayo inajaza chupa.

"Simama katikati, baba," Mama Sefu alimwambia Pickett. "Na usilie."

Pickett alicheka. Mpira wa kwanza ulimpata sikioni. Wa pili ukampata sikio lile lingine, ili lisione wivu. Kila alipojaribu kuinama, Mama Sefu alimsubiri hukohuko chini.

"Mimi nimegongwa na watu wa kilo mia na hamsini," Pickett alilalamika, "hakuna aliyenifanyia hivi."

"Unatazama mpira!" Bi Mwanaidi alifoka. "Nani kakutuma utazame mpira? Una kazi hapo! Jaza chupa!"

"Nikijaza chupa nitapigwa!"

"Unapigwa kwa sababu huijazi!"

Hiza akavua koti akaingia yeye. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuicheza rede mbele ya mtu wa timu. Mpira ulikuja kutoka huku, ukaja kutoka kule, naye akawa anateka theluji kwa kiganja kana kwamba yuko peke yake duniani na ana haraka ya kumaliza. Hakuukwepa mpira hata mmoja. Alikuwa anateka, na mpira ukawa unapita mahali alipotoka. Pickett alibaki ameshika kiuno.

"Kumbe huinami ili wakukose," alisema polepole.

"Nainama kwa sababu kuna kitu cha kuokota. Kukosa ni shughuli yao wao. Soli zimenasa kiuno na magoti, lakini chupa hazikuiona. Ukirithishwa kwa mashine utainama vizuri sana, Dewey, kwenye picha utapendeza. Ila hutajua unainamia nini."

Kijana akarudi katikati na hasira. Sasa ukawa mchezo mwingine: mpira ukija, anaruka. Magoti kifuani, kama panzi aliyekanyaga kaa la moto, soksi zinapita chini ya miguu yake.

"Inama!" Hiza alifoka. Akainama, akapigwa. Akaruka, akakoswa. "Nimesema inama, unaruka nini?" Akainama, akapigwa.

"Huyu ana kichwa kigumu," Mama Sefu alisema.

Giza lilipoingia chupa ilikuwa haijafika hata shingoni na masikio ya Pickett yalikuwa mekundu kama nyanya.

"Siwezi kwa wiki moja," alisema. "Mashine inanipa mara moja tu."

"Njoo kesho. Njoo hata msimu ukiisha. Nitakufundisha mpaka unichukie."

"Nimekwisha kuanza," Pickett alisema, akaondoka bila kuaga.

*

Fainali ilichezwa theluji ikidondoka kama pamba ya mito iliyopasuliwa. Wapinzani walikuwa Ngiri wa Tulsa, na hilo jina hawakusingiziwa. Hiza aliingia na soli za Urithi miguuni, maana mkataba ulimlazimisha kuzivaa. Lakini mkataba haukumlazimisha kuinama.

Akaanza kuingia moja kwa moja kama mbuzi anayegombana na mlango. Anapewa papai, anakimbia wima, analiwa na makabati. Hakuinama. Hakugeuka pia, mzunguko wa Odom aliuacha ulale, akauona ni deni la heshima. Kila alipoinuka soli zilimtekenya nyayoni, zinasubiri, kama paka chini ya meza. Mbavu zikaanza kuimba. Jukwaa likaanza kuzomea.

"Inama!" kocha alipiga kelele. "Una nini leo, umemeza mwiko?"

"Nimemeza, kocha!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya mchezo mpaka ukakaribia kwisha. Mafahali walikuwa nyuma kwa pointi nne na muda ulibaki wa kuchemsha chai, si wa kuinywa. Ili washinde, lazima mtu avuke na lile papai mpaka mstari wa mwisho. Hiza alikuja benchi mdomo unavuja damu, akaketi kando ya Pickett. Kijana alikuwa ameziona zile hodi zote alizopiga Hiza kwenye makabati, moja moja, na kila moja aliivalisha sura ya kaka yake.

"Inama tu, kaka," alisema bila kumtazama. "Yaishe. Utauawa."

Hiza alitazama jukwaani. Mama yake alikuwa safu ya mbele, kanga juu ya koti, na Odom kando yake. Wale wawili peke yao hawakuwa wanazomea.

Basi akainua mguu akaanza kufungua kamba. Akavua cha kulia, akavua cha kushoto, akavua soksi. Akaviweka viatu kwenye benchi, vimekaa vizuri kama vya mgeni mlangoni, akaingia uwanjani peku. Kelele za watu sabini elfu zilikatika kama redio iliyonyang'anywa umeme.

Refa alikuja mbio, mtu mnene mwenye masharubu yenye barafu. "Semboja, umeumia?"

"Sijaumia. Nimevua."

"Huwezi kucheza peku."

"Kanuni gani inakataza?"

Refa akawaita wenzake, wakanong'ona, wakatikisa vichwa. Akarudi. Kanuni za ligi zilikataza hereni, pete, kucha ndefu na kumtukania mtu mzazi. Juu ya vidole vya miguu hapakuwa na neno, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwehu wa kiasi hicho angezaliwa.

"Ukikanyagwa usinililie."

"Nitalia kwa Kiswahili. Hutaelewa."

Hapo simu ya benchi ikalia. Kocha akasikiliza, akamwita Hiza, akamwekea sikioni.

"Hiza," Bibi Thornquist alisema, mpole vilevile. "Vaa viatu. Usipovaa, jina lako haliandikwi ukutani. Mechi zako zote, kila yadi uliyokimbia, tunaiondoa. Itakuwa kana kwamba hukupita hapa."

Ule ukuta, nisifiche, Hiza aliupenda. Ulikuwa langoni mwa uwanja, na majina ya wakimbiaji wakubwa yamechongwa kwenye jiwe jeusi. Alikwisha kumwonyesha mama yake mahali lake litakapokaa.

"Futa," alisema. "Kufuta mmezoea."

Akairudisha simu. Kocha alitazama saa, akatazama zile nyayo nyeupe za theluji, akatazama kombe lililokuwa linamponyoka. Alikuwa na haki ya kumtoa. Lakini alikuwa kocha.

"Mpeni mpira," alisema.

*

Theluji iliuma kwa hatua za kwanza kisha ikaacha, kama mtu aliyechoka kugombana. Papai likaingia kwapani mwa Hiza. Kabati la kwanza likaja na uzito wake wote, na mahali fulani jukwaani sauti ya mwanamke ikapasua hewa:

"Jaza, mwanangu! Jaza!"

Akainama. Kiganja kikateka theluji kweli, konzi nzima, kabati likapita juu na kwenda kumkumbatia mwenzake. La pili likaja kutoka kushoto, akateka tena. La tatu alisikia tu upepo wake shingoni. Chini hapakuwa na sindano ya kusikiliza, palikuwa na ardhi tu, na ardhi haikariri mtu. Alikuwa anacheka. Wachezaji wa Ngiri waliapa baadaye kwamba walimsikia, yule mtu anakimbia anacheka huku anatupa theluji nyuma kama kuku anayepekua.

Hatua moja kabla ya mstari, jitu lililokuwa limelala chini lilinyanyuka na kutua. Halikumgusa mwilini. Lilitua kwenye kidole gumba cha mguu, njumu na kilo zake zote.

Alilia kwa Kiswahili. Refa hakuelewa, na ni heri.

Muda ulibaki wa mgongano mmoja, wa kuvuka ile hatua moja. Hiza hakuweza kusimama. Kocha akageuka benchi.

"Pickett!"

Kijana akaja. Walipishana pale wanapombeba Hiza, naye akamshika mkono, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Kaka, mimi sijui kuinama."

Hiza alitaka kumwambia akumbuke chupa. Neno likafika ulimini, likasita. Akakumbuka ile jioni nyuma ya jengo: kila mpira uliompata Pickett ulimpata akiwa ameinama, kwa sababu yeye, Hiza, alimfokea ainame. Hewani hakupigwa hata mara moja. Nao wote, Bibi Thornquist na mashine zake, yeye Hiza na rede yake, walikuwa wanagombana nani ampe kijana miguu, na hakuna hata mmoja aliyetazama kijana alikuja na ipi.

"Nani kakwambia uiname?" alisema. "Ruka, bwana! Miguu yako ni ya kuruka. Mimi ndiye niliyekuwa naikemea."

"Kweli?"

"Mama Sefu mwenyewe hakuwahi kukupata hewani, hawa watakupatia wapi?"

Pickett alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Filimbi ikalia. Makabati yakajilundika pale chini, ukuta wa nyama unaomsubiri mtu wa kuinama, maana Omaha miaka saba ilijulikana kwa kuinama. Dewey Pickett alikunja magoti kifuani akapita juu yao wote, mrefu, mwepesi, kama mtu anayeruka uzio wa jirani mbwa akiwa nyuma, na alipotua ng'ambo alikuwa bado anaomba dua. Uwanja ulilipuka. Hakuna soli iliyokuwa imewahi kuusoma mruko ule, na kabla ya siku hiyo haukuwa na jina.

Bibi Thornquist aliteremka uwanjani, koti refu, viatu safi, akasimama mbele ya Hiza aliyekuwa ameketi kwenye theluji. Wapiga picha wakamzunguka. Mmoja akauliza swali lilelile la miaka yote: ule Mwinamo, aliupata wapi?

"Kwa dada zangu," Hiza alijibu kwa sauti kubwa. "Unaitwa rede. Ni mchezo wa wasichana wa kwetu. Mama yangu yuko pale, anayetaka aende akafundishwe, ila asije na masikio laini."

"Umevunja mkataba," Bibi Thornquist alisema.

Hiza aliinama polepole, akakifunga kidole chake kilichovunjika kwa kitambaa, akakaza fundo kwa meno. Kisha akaonyesha benchi, pale viatu vilipokaa, theluji imeanza kuvijaa ndani.

"Viatu ni vyenu," alisema. "Kavichukueni. Miguu ni ya Bi Mwanaidi."

*

Na jina lake walilifuta kweli. Nendeni Omaha hata leo, mkaone ule ukuta, palivyokwanguliwa...

"Mwaka gani hiyo fainali?" akauliza Kombo, fundi baiskeli, ambaye tangu mwanzo alikuwa kimya, na mimi kimya cha fundi baiskeli sikipendi.

Sabini na mbili, nikajibu.

"Elfu moja mia tisa sabini na mbili? Na hizo sindano za kunyonya miguu?"

Elfu mbili.

"Elfu mbili na sabini na mbili." Kombo alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya jirani. "Huo mwaka haujafika, mzee wangu."

Nikasema utafika. Nimewatangulia kidogo tu, mzigo mzuri huwa mtu anauwahi sokoni. Wasikilizaji wangu wakapiga kelele kama lile jukwaa la Omaha. Wakasema niliapa, na niliapa kwa meno, basi ama nitoe jino ama niwanyweshe. Meno niliyobakiwa nayo bado nayahitaji kwa kashata.

Haya, muuza kahawa, mimina, uwape wote, na kashata juu, nalipa mimi. Na Kombo mpe kile kikombe cha mwisho, chenye mashapo.